Miche ya mizizi wazi imefika Dar na haijapandwa: dalili, chanzo na la kufanya

Simu zinaanza Julai. Nyanda za juu kuna baridi, miti ya tufaha, pichi na plamu imepumzika, na baadhi ya wenye vitalu wa Njombe, Makete na Lushoto wanaing'oa bila udongo, wanaifunga mafungu na kuipakia kwenye basi. Fungu linashushwa stendi ya Magufuli pale Mbezi, mwenyewe anatuma bodaboda akalichukue, na jioni ananitumia picha ya fimbo kumi zimesimama kwenye ndoo: "Mtaalamu, hizi zimelala au zimekufa?"

Wengi wanaouliza wana shamba Lushoto au Mufindi na Dar ni kituo cha njiani tu, wanasubiri likizo ili waondoke nayo. Wengine wana uwanja Kibaha au Goba na wameamua kujaribu. Wote shida yao ni moja: mche hauna udongo, shimo halijachimbwa, na jiji lina joto. Ninavyoona mimi, mche mwingi haufii kwenye basi. Unafia kwetu, ndani ya siku tatu za kwanza, mkononi mwa mtu anayeuhurumia. Na anayeuhurumia silaha yake ni ndoo ya maji.

Kabla ya kugusa maji

Kwarua ganda kwa ukucha, sehemu ndogo kama punje ya mchele, katikati ya shina. Chini ya ganda kukiwa na rangi ya kijani au nyeupe yenye unyevu, mche uko hai. Kukiwa kahawia na kavu, shuka chini kidogo ukwarue tena, kisha tena, mpaka karibu na pale ulipobebeshwa, yaani pale tawi la tunda lilipounganishwa na shina la kubebea lenye mizizi. Mche unaweza kufa nusu ya juu na bado ukafaa. Ukifika chini ya kiungo cha kubebeshea bila kuona kijani, hapo umebaki na shina la kubebea tu, na tunda ulilolipia halipo tena.

Halafu nusa mizizi. Harufu ya udongo wa msituni ni nzuri. Harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo ni mbaya. Mwisho minya mzizi mmoja: mzima ni mgumu na ukiukata ndani ni mweupe au krimu, uliooza unateleza na ganda linabaki kidoleni.

Usihukumu mche kwa sababu hauna majani. Hilo ndilo umbo lake wakati wa kulala.

Dalili: mizizi imekauka, ganda limejikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini

Hii ndiyo inayoongoza. Sababu ya kwanza ni mizizi kusafiri bila kufunikwa, au kufungwa kwenye mfuko wa sandarusi ambao unapitisha hewa pande zote. Mzizi mwembamba hauhitaji siku nzima kufa. Upepo wa dirisha la basi unautosha. Ya pili ni ya nyumbani: fungu limewekwa barazani "lipumue", jua la saa tisa likalifikia. Ya tatu, feni. Watu wanaweka miche sebuleni chini ya feni kwa nia ya kuipoza, lakini feni haipozi kitu kisichotoa jasho. Inakianika.

Fungua fungu lote, usiangalie la juu tu. Mara nyingi miche ya katikati ina hali tofauti kabisa na ya pembeni. Kisha loweka mizizi, mizizi peke yake, kwenye ndoo iliyo kivulini kwa muda wa saa 4 hadi 6. Mche uliokauka sana unaweza kufika saa 12. Saa 24 ni mpaka, usiuvuke. Mzizi unahitaji hewa, na maji yaliyosimama ndani ya ndoo kwenye joto la Dar yanaishiwa hewa upesi.

Hili nalijua kwa gharama. Mwaka wa kwanza niliiacha miche sita ya tufaha kwenye ndoo kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, nikijisifu kwamba inakunywa. Jumatatu maji yalikuwa na povu. Nilimlaumu aliyeniuzia, nikampigia simu kwa sauti ya juu, na yule mzee akaniuliza kwa upole tu: "Mwanangu, umeiloweka siku ngapi?"

Baada ya kuloweka, kata ncha za mizizi zilizovunjika au kuwa nyeusi kwa mkasi uliofutwa spiriti. Kata mpaka uone weupe, basi. Usinyoe mizizi iwe sawa kama kipara cha Idi. Kama ganda la shina bado limejikunja, laza mche mzima, mizizi na shina, ndani ya maranda mabichi au mchanga mbichi kivulini kwa siku mbili au tatu. Shina nalo linapokea unyevu kupitia ganda. Lisipojaa baada ya hapo na ukwaruzaji ukaonyesha kahawia mpaka chini, usiendelee kuuchosha moyo wako.

Maranda chukua kwa fundi seremala, lakini muulize kama mbao zilitiwa dawa ya mchwa. Zenye dawa acha. Na usichukue yaliyotoka kwenye banda la kuku: amonia inaunguza mizizi.

Dalili: ukungu mweupe au wa kijivu

Watu wanaogopa sana hii, na mara nyingi bure. Utando mweupe juu ya ganda unatokana na kufungwa kubichi mno ndani ya nailoni isiyo na tundu. Suuza kwa maji yanayotiririka, sugua kwa mkono, kisha kwarua. Chini kukiwa kijani, ulikuwa uchafu wa nje tu. Funga upya kwa gazeti au maranda yaliyokamuliwa: ukiyaminya kwa nguvu yatoe tone moja au mawili, yasichuruzike. Toboa nailoni matundu machache.

Ukungu ukiwa umeambatana na ganda linaloteleza, rangi ya kahawia iliyozunguka shina zima au harufu ya kuoza, huo mche utenge na wenzake siku hiyo hiyo. Madoa ya upande mmoja tu unaweza kuyakata. Yaliyozunguka shina chini ya kiungo hayana tiba.

Usitumbukize mizizi kwenye jiki. Najua inashauriwa mitaani. Jiki ni ya kusafishia mkasi na ndoo. Kama una miche mingi na unataka kuichovya kwenye kiuatilifu cha kuvu, nunua kilichosajiliwa, fuata kipimo cha kwenye lebo, vaa glovu, na ujue kwamba mche uliochovywa hauingii tena kwenye friji ya chakula.

Dalili: macho (vitumba vya majani) yamevimba, kijani kinachungulia

Hapa ndipo Dar inapotofautiana na vitabu. Mche uliolala unahifadhiwa vizuri kwenye nyuzi 1 hadi 4 za sentigredi. Sisi Julai, mwezi tunaouita wa baridi, usiku ni nyuzi 18 au 19 na mchana tunakaribia 29. Kwa mti uliotoka Makete hiyo ni habari kwamba baridi imeisha, uamke. Unaanza kutumia akiba ya chakula iliyo kwenye shina na mizizi kutengeneza majani, wakati mizizi haina pa kunyonyea. Akiba ikiisha kabla haujapandwa, majani yanafunguka vizuri, yanapendeza wiki moja, kisha yote yananyauka pamoja. Mwenye mche anasema "ulishika halafu ukafa." Haukuwa umeshika.

Sababu, kwa kadiri ninavyoziona: kwanza, umekaa siku nyingi kwenye joto la kawaida la nyumba. Pili, umewekwa juu ya friji badala ya ndani yake. Juu na nyuma ya friji ndipo joto lake linapotokea. Tatu, umesahauliwa kwenye buti la gari. Nne, ulikuwa umeshaamka tangu kitaluni kwa sababu uling'olewa kwa kuchelewa. Hili la nne utalijua macho yakiwa yamefumuka siku ile ile ya kupokea.

Jicho likiwa limevimba tu, bado kijani hakijafunguka, baridi inaweza kukununulia wiki moja au mbili. Kikiwa kimefunguka, usirudishe mche kwenye friji. Jani changa litaunguzwa na baridi na ukilitoa litaunguzwa na joto. Panda. Kama shamba halijawa tayari, panda kwenye kiriba kikubwa au ndoo iliyotobolewa chini, udongo wa juu uliochanganywa na mchanga wa mto na mboji iliyoiva, weka kivulini, na uuhesabu kuanzia hapo kama mche wa kiriba. Samadi mbichi na mbolea ya chumvichumvi zisubiri mpaka mche uwe na majani yanayokua kwelikweli.

Sasa friji yenyewe. Droo ya mboga inafaa kwa miche michache mifupi iliyofungwa gazeti bichi, kisha nailoni yenye matundu. Masharti ni mawili na yote yanavunjwa kila mwaka. La kwanza: toa matunda. Embe, ndizi, papai na tufaha la dukani vikiiva vinatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaua macho yaliyolala bila kuacha alama yoyote shinani. Ukikuta macho meusi makavu kwenye mche ambao shina lake bado ni kijani, uliza friji ilikuwa na nini kabla hujamuuliza muuzaji. La pili: mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha. Mizizi ni dhaifu kuliko shina mbele ya barafu; ikiganda, ukiyeyusha inakuwa laini kama bamia iliyopikwa.

Umeme ukikatika, usifungue friji kila saa kuchungulia. Ukikatika kwa muda mrefu, deli la barafu linasaidia: chupa mbili za maji yaliyoganda, zifungwe gazeti zisiguse mizizi, miche juu yake. Ujanja wa gunia bichi na mkaa uliomwagiwa maji, ambao Dodoma unapoza vizuri, hapa hautoi matokeo yale yale. Unyevu wa hewa yetu ni mkubwa, maji hayakauki haraka, na yasipokauka hayapozi.

Dalili: umeilaza mtaroni kama ulivyoelekezwa, na bado inakufa

Kuilaza maana yake ni kuchimba mtaro kivulini, kuipanga miche ikiwa imeinama nusu, kufukia mizizi yote kwa udongo laini na kumwagilia. Ni njia nzuri kuliko friji kwa miche mingi, ila kwa hapa Dar ihesabie siku 7 hadi 10, isiwe miezi kama wanavyofanya nchi za baridi.

Ikifa humo, chimba kwanza uone. Udongo ukiwa na mapengo, mizizi imekauka ikiwa chini ya ardhi. Hii ndiyo sababu ya kawaida na inatokana na kumwaga udongo wenye mabonge bila kuushindilia kwa mkono. Udongo ukiwa umetuama maji, hasa maeneo ya mfinyanzi, mizizi imekosa hewa. Hamisha miche kwenye tuta la mchanga lililoinuliwa. Mchanga uwe wa mto. Wa pwani una chumvi.

Chumvi ni jambo ambalo watu hawalifikirii mpaka wapoteze kitu. Visima vingi vya jiji, na si vya ufukweni peke yake, vina maji ya chumvi. Mmea mkubwa wa mnazi hauoni shida. Mzizi uliojeruhiwa unaona. Onja maji. Angalia kama sabuni inagoma kutoa povu, au kama chungu cha maua kimeota unga mweupe pembeni. Kama ndivyo, tumia maji ya bomba au ya mvua kwa kipindi hiki kifupi.

Kisha kuna mchwa. Utaona vichuguu vya udongo juu ya ganda, na ukivipangusa ganda limeliwa. Kuvuta miche kutoka mtaroni siku hiyo hiyo na kuiweka kwenye ndoo ya maranda iliyoinuliwa juu ya matofali kunatosha. Usimwage oili chafu ya gari kwenye mtaro. Inafukuza mchwa, ni kweli, na baada ya hapo udongo ule hauoti hata mchicha.

Kuku nao wanafukua. Sina la kitaalamu hapo zaidi ya matawi ya miiba.

Dalili: mche una majani mabichi na mizizi wazi

Ukiletewa mparachichi, mwembe au mchungwa wa namna hii, usiupokee. Miti hii hailali kama tufaha. Majani yake yanaendelea kupoteza maji saa zote. Inauzwa na kusafirishwa ikiwa kwenye kiriba na udongo wake. Kuna wabebaji wanaokung'uta udongo ili gari libebe miche mingi zaidi, na mparachichi wa Hass uliotoka Njombe kwa mtindo huo hufika Mbezi ukiwa bado kijani, jambo ambalo linamdanganya mnunuzi. Ukwaruzaji utakupa jibu zuri siku ya kwanza. Siku ya tano utakupa la kweli.

Kama umeshalipa na huna pa kurudisha: punguza majani kwa zaidi ya nusu, panda kwenye kiriba mara moja, funika kwa nailoni nyeupe juu ya vijiti ukiwa kivulini, na usiahidi mtu matunda.

Dalili: uvimbe kwenye shina karibu na mizizi, au sufi nyeupe

Hapa acha kila kitu.

Uvimbe mgumu, wenye sura ya koliflawa, pale shina linapokutana na mizizi au kwenye kiungo cha kubebeshea, unaweza kuwa wa bakteria aitwaye Agrobacterium tumefaciens. Anaingia kupitia jeraha, mche hauponi, na ukiupanda udongo unabaki na ugonjwa kwa miaka. Tufaha, pichi, plamu, mizabibu na hata mawaridi hushambuliwa. Kuukata uvimbe hakusaidii, kunasambaza. Vinundu vidogo vidogo kama shanga kwenye mizizi myembamba ni kitu kingine, mara nyingi minyoo fundo, hasa kama uliilaza miche kwenye tuta lililokuwa na nyanya.

Sufi nyeupe kwenye mikunjo ya ganda la mtufaha, ambayo ukiiminya inatoa utomvu mwekundu kama damu, ni vidukari sufi.

Kwa dalili hizi usigawe mche kwa jirani, usitupe kwenye jalala la mtaa, usipeleke shambani. Funga kwenye mfuko, tenga, safisha mkasi, mwite afisa ugani wa kata aone na aelekeze uharibifu wake. Kwa mimea, mwenye dhamana ya kitaifa ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, nayo ina kituo Mikocheni, kwa hiyo mkazi wa Dar hana haja ya kubahatisha kwa picha za simu.

Mwite mtaalamu pia, bila kusubiri, ikiwa miche ni mamia na zaidi ya sehemu ndogo imeharibika kwa namna inayofanana. Au ikiwa imeletwa kutoka nje ya nchi ndani ya begi bila kibali na bila cheti cha afya ya mimea. Hii ya pili usiipande hata kama inapendeza. Ni kosa kisheria, na wadudu hawasomi mipaka.

Dalili: umepanda, wiki ya sita inakwenda, kimya

Usichimbue. Kwarua. Kijani kipo? Subiri, mwagilia udongo ukikauka kina cha kidole, hakikisha kiungo cha kubebeshea kiko juu ya udongo kwa kiasi cha upana wa kiganja. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, ling'oe likiwa bado laini, hilo ni la shina la kubebea na litakula chakula cha tunda lako.

Na hapa niseme lile ambalo wauzaji wanalipitia haraka. Mtufaha unahitaji saa kadhaa za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, ili macho yaamke kwa pamoja. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden ya Bahama zinahitaji kidogo kuliko nyingine. Anna inakadiriwa saa 200 hadi 300. Dar hatuna hata saa moja. Batu, kule Java nchini Indonesia, wakulima huvuna tufaha bila baridi ya kutosha kwa kuupukutisha mti majani kwa mkono baada ya mavuno, lakini Batu ni milimani. Kwa hiyo mteja akiniambia anataka kupanda kumi Mbagala, namwambia apande mmoja, kwenye pipa, kwa furaha yake. Pesa ya ile tisa iliyobaki aende nayo kwenye maembe ya kubebeshwa, ambayo yanakuja na udongo wake.

Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akanunua kumi. Wiki iliyopita kanitumia picha: ndoo, fimbo kumi, maji mpaka nusu ya shina.